Picha za Kutisha Mimi Nazisikiliza

Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: picha gani ya kutisha unaipenda kuliko zote, na mtu mzima mwenye akili zake anapata raha gani kujitia hofu kwa hiari yake? Mume wangu alilisoma swali kwa sauti, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Hili wamekuuliza wewe." Basi najibu.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nalitaja hilo mapema kwa sababu jibu langu lote limo humo. Desemba na Januari ni miezi ya sare za shule, na fundi wa sare halali. Usiku nabaki na cherehani, taa, na televisheni iliyo nyuma ya mgongo wangu, maana soketi iko ukuta huo na hatujawahi kuihamisha. Macho yako kwenye pindo. Masikio ndiyo hayana kazi. Kwa hiyo picha nyingi ambazo watu wanadhani nimeziona, sikuziona. Nimezisikia.

Desemba 2017 mdogo wangu alikuja na flashi yenye muvi mpya, akaweka moja, akajilaza kwenye kochi. Mimi nakunja pindo za sketi za bluu. Nikasikia mtu anatembea peke yake huku anaongea na simu, gari likaja polepole, purukushani fupi, kimya. Halafu nyuma yangu zikaanza sauti za watu, nyingi, za chini kwa chini, kama watu waliojibanza dirishani. Zinasema Kiswahili. Zinataja wahenga. Zinamwambia mtu asikilize, akimbie.

Ilikuwa inakaribia saa saba usiku. Niliinuka na mkasi mkononi, nikaenda kushika komeo la mlango wa uani.

"Dada, vipi?"

"Kuna watu nje."

"Dada, hiyo ni muvi."

Sijawahi kutishwa namna ile na kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu, na ndiyo maana nikiulizwa naipenda ipi, najibu bila kufikiri: Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Kama hujaiona, ruka aya nne zijazo, maana nitaimwaga yote.

Kijana mpiga picha, Mmarekani mweusi, anapelekwa na mpenzi wake Mzungu kwenda kuwasalimia wakwe. Wakwe wanacheka, wanakumbatia, baba mtu anasema angempigia kura Obama hata kwa muhula wa tatu kama ingewezekana. Kumbe familia ile inawinda miili ya watu weusi ili wazee matajiri wahamie ndani yake. Kijana anaigizwa na Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Iligharimu kama dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na Peele akapewa Oscar ya mwandishi wa hadithi.

Ule wimbo ulionipeleka mlangoni unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga." Umetungwa na Michael Abels, ambaye hakuwa amewahi kutunga muziki wa filamu kabla ya hapo. Sasa, mimi ni Mswahili, siwezi kuliacha hili lipite: sisi tungesema "wasikilize wahenga." "Sikiliza kwa wahenga" imekaa kama gauni lililokatwa kwa vipimo vya mtu mwingine, linavalika, lakini bega linavuta. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona afadhali iwe hivyo. Mimi nazisikia zile sauti kama za watu waliochukuliwa zamani sana, na aliyekaa mbali na kwao miaka mia tatu, lugha yake itanyooka vipi? (Najua wengi waliopelekwa Marekani walitoka Afrika Magharibi, na huko Kiswahili hakikuwa chao. Mzimu haulizwi cheti cha kuzaliwa.) Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba onyo zima limetolewa mwanzoni kabisa, wazi, kwa lugha ambayo wengi waliokaa kwenye viti hawakuijua. Kama kulikuwa na mtu wa Bukavu au Mombasa kwenye ukumbi mmoja wa Chicago, yeye peke yake alikuwa ameshaambiwa afanye nini.

Na picha yote baada ya hapo ni habari ya masikio. Mama mkwe anamlaza yule kijana kwa sauti ya kijiko kwenye kikombe cha chai. Anakoroga taratibu, kijiko kinagusa ukingo, na kijana anazama kwenye giza lisilo na sakafu huku macho yake yako wazi. Jamani, kijiko cha chai! Kwa mtu wa Pwani ambaye siku yake inaanza na kuisha kwa chai, huo ni uonevu. Mama mkwe wangu mimi ni mtu mwema, sukari vijiko vinne, na anakoroga hadi nahisi sakafu inaniachia. Nimemnunulia kikombe cha plastiki. Hajui kwa nini.

Halafu mwisho. Kijana amefungwa kwenye kiti, wanataka kumlaza tena kwa ile sauti. Anakwangua mkono wa kiti kwa kucha, ngozi inapasuka, pamba inatoka. Anaitia masikioni. Hasikii kijiko, na hivyo anapona. Pale niliacha kushona, nikageuka. Wamarekani wakiona pamba wanakumbuka mashamba ya watumwa, na wana haki. Lakini kwetu sisi kutia pamba masikioni ni tusi. Ni mtoto asiyesikia la mkuu. Nimeambiwa hivyo na mama yangu mara nyingi kuliko nilivyoambiwa jina langu. Na huyu kijana aliyeanza kwa kuambiwa asikilize wahenga, ameokolewa na pamba masikioni! Sidhani kama Peele alijua kuna msemo huo huku kwetu. Mimi nimepewa bure.

Haya, mliorudi karibuni.

Tabia hii ya kusikiliza sikuianza na cherehani. Utotoni mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza, mabati pande zote, mabenchi, televisheni moja, joto la kuivisha mkate. Msichana kuonekana mle ndani ilikuwa kesi nyumbani. Kaka zangu walilipa wakaingia. Mimi nilisimama nje na sikio kwenye bati. Siku za kanda zilizotiwa Kiswahili nilikuwa sawa na waliokaa ndani, maana Lufufu wa Dar es Salaam alisimulia kila kitu: nani kaingia, kashika nini, anawaza nini, na mengine ambayo nina hakika hayakuwemo kwenye picha. Ndugu zetu Wakenya wana DJ Afro, wanajua ninachosema. Sauti ile ikisema "muangalieni huyo nyuma ya mlango," mimi nisiyeuona mlango niliuona kuliko wao. Miaka baadaye niliziona baadhi ya picha hizo kwa macho. Zombi ni kijana kapakwa unga. Yule wa nyuma ya bati alikuwa mbaya zaidi.

Ndiyo maana nabishana na wanaodhani kutisha ni damu. Chukueni Psycho ya Alfred Hitchcock, ya 1960. Kila anayeisimulia anasema aliona kisu kikimchoma yule mwanamke bafuni. Uliona nini? Ulisikia. Sauti ya kisu ni tikiti linalochomwa, na juu yake kuna zile fidla za Bernard Herrmann zinazolia kama mlango wa geti. Hitchcock alitaka tukio lile lipite bila muziki. Herrmann akaandika hivyo hivyo, na mwongozaji aliposikia akabadili kauli. (Tena yule dada ndiye stelingi, na anakufa picha haijafika nusu. Kwenye kibanda chetu watu wangedai hela zao.) Au The Exorcist ya 1973: mbele ya kamera ni mtoto, Linda Blair, lakini anayenguruma ni mama mtu mzima, Mercedes McCambridge, aliyemeza mayai mabichi na kuvuta sigara ili koo lichanike. Mwanzoni jina lake halikuwekwa, akalidai.

Zile za wauaji wenye visu na mabinti wanaoanguka wakikimbia sizipendi sana, ila Halloween ya 1978 naiheshimu kama fundi. Hela hawakuwa nazo, wakanunua barakoa ya mpira ya kapteni wa Star Trek kwa dola zisizofika 2, wakatanua matundu ya macho, wakaipaka nyeupe. Basi. Hiyo ndiyo sura iliyotisha dunia. Nikiwa na mteja anayetaka gauni la harusi kwa bajeti ya kanga, huwa naikumbuka.

The Ring nayo niiseme, kwa sababu ilitukuta pabaya. Niliona kwanza ile ya Kimarekani ya 2002, kwa jirani, kwenye deki. Ile ya Kijapani ya Hideo Nakata, ya 1998, niliipata ukubwani, na ndiyo inayomshinda mwenzake. Habari ni ya kanda ya video: ukiitazama, baada ya siku saba unakufa. Nasi tunaitazama kwenye kanda ya video, tena ya kuazima! Baada ya kuisha hakuna aliyetaka kuitoa kwenye deki. Lakini hadithi ina mlango wa kutokea: unaponyoka ukiinakili kanda na kumwonyesha mwingine. Kaka yangu mkubwa akafikiri, akasema, "Basi mwenye kibanda hafi milele."

Kuna watu wanasema wapenzi wa picha hizi ni watu wasioijua hofu yenyewe. Mimi naijua. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka saba, na ng'ambo yetu, Pemba, kukazuka habari ya popobawa, jini linalosemekana kuwavamia watu usiku. Ikavuka Unguja, ikafika bara. Shangazi yangu alikuwa Wete. Anasema walikuwa wakilala nje kwa makundi, familia tatu nne mkeka kwa mkeka, na kila bati lililolia kwa upepo lilikuwa kucha. Hapakuwa na aliyemwona sawasawa, wote walisikia. Hapakuwa na raha yoyote. Watu wazima walilia mbele ya watoto wao.

Shangazi sasa anaishi kwetu, na ndiye mwenzangu wa picha za usiku. Yeye anatazama, mimi nasikiliza, na nikiuliza "kafanya nini?" ananisimulia, mwanafunzi halali wa Lufufu. Nilimuuliza siku moja anawezaje baada ya mambo ya Wete. Akanijibu kwamba anachopenda ni mwisho. Yale majina yanayopanda. Hanikubalii nizime kabla hayajaisha; anataka kuona kuna aliyeshona nguo, aliyepika chakula, dereva. "Yule wa Pemba," anasema, "hakuandika majina."

Kwa shangazi ya kwanza si Get Out. Ni Us, ya Peele huyo huyo, 2019, kwa ajili ya Lupita Nyong'o. Binti wa Kenya anaigiza watu wawili, mama na pacha wake wa chini ya ardhi, na yule wa chini anaongea kwa koo lililobanwa, neno linavutwa ndani badala ya kutolewa. Nilimsikia kabla sijamwona na nikajichoma sindano. Wabaya wamevaa ovaroli nyekundu na kila mmoja ana mkasi wa rangi ya dhahabu. Fundi yeyote atakwambia mkasi ni visu viwili pacha vilivyofungwa msumari mmoja, na ukilegea msumari, kila kimoja kinakuwa silaha. Siku mbili nilikuwa nauweka wangu kwenye droo. Lupita yumo pia kwenye A Quiet Place: Day One ya 2024, yenye viumbe wanaowinda kwa kusikia. Hiyo niliitazama kwa macho mawili, cherehani nimeizima, kwa adabu. Kwa mlio wake nisingefika dakika ya tano.

Mwezi uliopita nimepokea mwanafunzi mpya, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Muheza, ana mkono mzuri wa vifungo. Haogopi kitu, kwa maneno yake. Get Out hajaiona. Ijumaa hii tuna sketi arobaini za kumaliza, na shangazi ameshaambiwa asiseme neno. Nitamkalisha kwenye cherehani yangu, mgongo kwa televisheni, nami nitakaa karibu na komeo.