Kipimajoto kimekwama kwenye sifuri: gesi imeisha?

Swali: Habari fundi. Nauza barafu Mbagala. Juzi saa 12 jioni niliingiza kwenye friza vikopo 20 vya maji, kila kimoja nusu lita, na ndani ya kimoja nikatumbukiza waya wa kipimajoto. Maji yalianza na nyuzi 28, saa 2 usiku yakafika 0. Saa 8 usiku nikaamka, bado 0! Asubuhi nikakuta −9. Fundi wa mtaani anasema gesi imepungua. Nijaze?

Jibu: Usijaze, dada. Namba zako zinaonyesha friza ni nzima, na nashukuru umeandika saa na nyuzi pamoja. Bila hivyo ningebahatisha.

Kinachotuchanganya wengi ni jina la kifaa. Kipimajoto hakipimi kiasi cha joto, kinapima halijoto, yaani kitu kina moto au baridi kiasi gani. Maji yakishafika 0, friza inaendelea kuyanyonya joto kama kawaida, ila joto hilo sasa linatoka kwenye kuganda kwenyewe. Molekuli zilizokuwa zikitelezeana zinashikana na kujipanga, na katika kushikana huko zinaachia joto. Ndilo linaloitwa joto fiche. Ungechora grafu ya usiku ule, ungeona mteremko, kisha mstari mrefu uliolala, kisha mteremko tena.

Tupige hesabu. Maji yako ni kilo 10. Kila kilo ya maji hutoa kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha kiasi cha joto) kwa kila nyuzi inayoshuka, kwa hiyo kuyashusha kutoka 28 hadi 0 ni 10 × 4.2 × 28, kama kilojuli 1,176. Kuyagandisha, bila kushuka hata nyuzi moja, ni 10 × 334 (joto fiche la kila kilo), yaani kilojuli 3,340. Karibu mara tatu! Kama mteremko ulichukua saa mbili, mstari uliolala kuchukua saa sita ni haki yake. Kutoka 0 hadi −9 ni kilojuli 189 tu, ndiyo maana mwishoni namba ilikimbia.

Ukitaka kuliona kwa macho, siku nyingine saa 5 usiku toa kikopo kimoja ukitikise. Barafu imeshajenga ukuta pembeni, katikati maji bado yanacheza. Rudisha haraka, maana kila ukifungua mlango joto la Dar linaingia.

Kwa barafu za ubuyu au ukwaju, usitegemee mstari ulionyooka. Sukari hushusha kiwango cha kuganda chini ya 0, na kadiri maji yanavyoganda, sharubati iliyobaki inazidi kukolea. Kwa hiyo namba inaendelea kushuka taratibu.

Ningepata wasiwasi kama maji matupu yangekwama kwenye nyuzi 5 au 6 usiku kucha. Hapo hakuna kuganda, kwa hiyo joto fiche halihusiki. Anza na mpira wa mlango: funga mlango ukiwa umebana karatasi, kisha ivute. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka. Angalia pia kama theluji imejaa ukutani, iyeyushe.

Na kuhusu gesi, hili naomba ulishike: gesi ya friza haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kuziba tundu ni kumwaga hela. Fundi yeyote akitaka kukujazia, mwambie kwanza akuonyeshe panapovuja.