Gari lilikaa bila kutumika, sasa haliwaki

SWALI: Toyota IST yangu ilikaa uani miezi mitatu nikiwa safarini. Nikizungusha ufunguo, taa za dashibodi zinafifia na chini ya boneti nasikia tatatatata tu. Fundi anasema stata imekufa, ninunue nyingine. Nikubali? – *Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Usitoe hela bado. Hiyo tatatata ni swichi ya stata inayoshika na kuachia. Umeme uliopo unatosha kuivuta, ila stata ikitaka kuzunguka volti zinaanguka, swichi inaachia, volti zinapanda, inashika tena. Stata iliyokufa mara nyingi hupiga "tak" moja au hunyamaza kabisa, na taa za dashibodi hubaki na mwanga wake. Zako zinafifia, kwa hiyo tafuta umeme kwanza.

Gari lililozimwa bado linakula: saa, kompyuta, alamu. Kwa gari zima, miliampea 50 bado ni za kawaida. Lakini piga hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa (Ah) 1.2 kila siku, na betri ya Ah 45 inakauka kama siku 37. Stata yenyewe hukataa mapema zaidi, betri ikiwa na umeme bado. Kama umefungiwa alamu ya dukani au kifaa cha kufuatilia gari, hata mwezi ni mrefu.

Azima mita, weka kwenye volti za DC, pima betri gari likiwa limezimwa. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imeisha. Ikichajiwa usiku kucha na bado inagoma kwenye 10.5, chumba kimoja kati ya vile sita kimekufa, kwa sababu kila chumba kina volti 2.1. Hapo ndipo unanunua, na unanunua betri.

Kabla ya kuchaji angalia terminali. Upepo wa chumvi wa huko kwenu haukawii kuleta ule unga mweupe au wa kijani. Kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawajisumbui nacho: weka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri chenyewe, nyingine kwenye terminali iliyokibana, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, umeme unaishia hapo kwenye uchafu. Fungua hasi kwanza kwa spana namba 10, halafu chanya. Osha kwa glasi ya maji ya moto yenye kijiko cha soda ya kuokea, bila kuyaruhusu yaingie ndani ya betri. Kausha, piga msasa, rudisha chanya kwanza, ukimaliza paka grisi.

Kama ni kubusti kutoka gari lingine, fuata mpangilio huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lako, mbali na betri. Ncha ya mwisho hutoa cheche, na betri hutoa gesi inayolipuka. Liache gari la msaada likiunguruma dakika 5 hadi 10 ndipo upige stata. Likiwaka, pima tena: altaneta nzima, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, inatoa volti kati ya 13.8 na 14.5. Dakika kumi za kuunguruma hapo uani hazijazi betri iliyokauka. Ichaji kwa ampea 4 au 5 usiku mzima. Na vijana wa kusukuma waache wapumzike, gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

Betri ikiwa na 12.6, terminali safi, na bado unapata "tak" moja, basi fundi wako alikuwa sahihi.

SWALI: Premio yangu ilikaa mwaka mzima na robo tanki. Stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Nusa mdomo wa tanki. Petroli ya mwaka mzima imepoteza ile sehemu nyepesi inayowaka haraka, na hunuka kama vanishi. Imwage, tia lita 10 mpya. Kisha kagua fyuzi iliyoandikwa EFI. Kwenye Toyota nyingi pampu ya mafuta husubiri stata izunguke ndipo ifanye kazi, kwa hiyo mtu asikilize kiti cha nyuma wakati wewe unapiga stata. Kimya kabisa? Anza na relei (swichi ya umeme inayowasha pampu) na waya za pampu. Fungua pia boksi la filta ya hewa, panya hupenda kuzalia humo na waya ndio chakula chao.

Chomoa plagi moja. Kavu maana yake mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, zikaushe zote, kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata. Kompyuta hukata mafuta na injini hupumua. Usizidishe sekunde 10 kwa mpigo, ipumzishe dakika moja, la sivyo utaiunguza stata nzima.

SWALI: Nasafiri miezi miwili. Niliacheje gari? – *Msomaji, Tanga*

JIBU: Jaza tanki, ongeza upepo kidogo kwenye matairi, weka P na mawe kwenye magurudumu badala ya hendibreki, maana breki shuu hugandia ngoma. Chomoa terminali ya hasi. Ila king'ora cha alamu chenye betri yake ndani kitalia ukichomoa, kwa hiyo kizime kwanza kwa ufunguo wake, majirani wasikuchukie.