Maswali na majibu: Ekseli za gari la porini, kutoka Nyakato hadi Bunda

Mvua zikianza kuloanisha mbuga za Usukumani, maswali kuhusu ekseli huwa mengi kuliko ya injini. Haya hapa ni baadhi, na majibu yake.

Swali: Nina Land Cruiser 79, ile mkonga yenye injini ya 1HZ. Inatembea na tairi za 7.50R16 na nataka kuiwekea za inchi 35, maana safari zangu ni za Kwimba na Serengeti. Fundi anasema nibadilishe ekseli zote mbili kwanza. Ni lazima? (Msomaji, Nyakato)

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Ekseli ya nyuma ya gari hilo ni miongoni mwa zile ambazo watu wa magari mengine huzitafuta wafunge kwenye magari yao. Difu yake ina kraunwili (ile gia kubwa ya duara) ya inchi 9.5, na uzito wa gari unabebwa na habu; hafushafti, yaani chuma kinachotoka kwenye difu kuzungusha tairi, haibebi kitu. Kitakachokutesa kwanza ni uwiano wa gia.

Tuhesabu pamoja. Tairi ya 7.50R16 ina kipenyo cha milimita 808 hivi. Ya inchi 35 ina 889. Tofauti ni asilimia 10. Kama difu zako ni 4.10, yaani propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) inazunguka mara 4.10 tairi likizunguka mara moja, gari litaburuta kama lenye difu ya 3.73. Injini ya 1HZ ni imara sana lakini haina turbo, kwa hiyo kwenye tope utajikuta unashusha gia pale ambapo zamani ulipita bila shida, na klachi ndiyo italipa. Kioo cha mwendo nacho kitakudanganya: kikionyesha 80 wewe uko 88.

Ili urudi ulikokuwa unahitaji 4.51, na seti iliyo karibu zaidi ni ya 4.56, yaani kraunwili ya meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 9. Difu ya mbele na ya nyuma hubadilishwa kwa pamoja, hakuna ujanja hapo. Ukishafanya hivyo, kioo cha mwendo nacho kinarudi karibu na ukweli.

Ekseli ya mbele ndiyo ya kuangalia. Udhaifu wake uko kwenye sivi jointi, yaani viungo vinavyopeleka nguvu kwenye tairi hata likikata kona, zilizomo ndani ya matufe ya mbele. Tairi kubwa ni mkono mrefu unaozinyonga, hasa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Badala ya ekseli mpya, nunua sivi jointi na shafti za chuma cha kromu na molibdeni, ufunge na beringi mpya za habu. Na kama safari zako hazina mawe makubwa, ningekushauri uishie tairi za 285/75R16. Hizo zinazidi zako kwa asilimia 3 tu, na difu zako unaziacha zilivyo. Kwa njia unazozitaja, mimi ningechagua hizo.

Swali: Hilux yangu ya zamani inabeba dagaa kutoka Magu. Mwezi uliopita ya jirani yangu ilikatika shafti ya nyuma na tairi likaondoka pamoja na dramu. Nifunge shafti nene zaidi? (Mfanyabiashara, Magu)

Jibu: Pole kwa jirani. Unene utasaidia kidogo, lakini tatizo liko kwenye muundo. Nyuma ya Hilux nyingi, hafushafti inafanya kazi mbili: inazungusha tairi na pia inabeba uzito wa gari. Ikikatikia nje ya beringi hakuna kingine kinacholishika tairi.

Kwenye ekseli ya aina ya pili, kama ya Land Cruiser mkonga ya pikapu au Land Rover 110, habu ina beringi zake mbili juu ya bomba la ekseli. Shafti ikikatika, tairi linabaki mahali pake, unaweza hata kuichomoa, ukaweka fowili (nguvu iende na tairi za mbele) na kurudi nyumbani ukivutwa na tairi za mbele. Utaitambua kwa macho: katikati ya rimu ya nyuma habu imetokeza nje, na ina duara la nati zinazoshika kichwa cha shafti.

Kwa anayebeba mzigo kila siku barabara ya Magu hadi Mwanza, hii ni hoja ya uhai wa watu walio barabarani. Kama una fedha za kuboresha kitu kimoja tu, boresha hapo. Kama huna, punguza mzigo, badilisha beringi za nyuma kabla hazijaanza kuimba, na usifunge rimu zilizotokeza nje. Zile zinaongeza mkunjo kwenye shafti ileile unayoiogopa.

Swali: Naendesha watalii kupitia lango la Ndabaka. Nianze na difu loki au na ekseli nzito? (Dereva, Bunda)

Jibu: Swali zuri, na wengi hulijibu kinyume. Udongo mweusi wa ukanda wa magharibi wa Serengeti ukilowa unajaza kashata za tairi mpaka zinakuwa laini. Tairi moja linateleza, na difu ya kawaida inalipa tairi lililoshika nguvu ileile ndogo inayolipa linaloteleza. Gari zima linasimama wakati tairi moja lina mshiko wa kutosha. Difu loki, inayofunga difu ili tairi zote mbili zizunguke pamoja, inaondoa tatizo hilo moja kwa moja, ekseli nene hailigusi hata kidogo.

Lakini elewa unachokibadilisha. Difu ikiwa wazi, kila shafti inapata nusu ya nguvu. Ukifunga loki, na tairi moja likashika huku jingine likiwa hewani, shafti moja inaweza kubeba nguvu yote ya ekseli. Ndiyo maana anza na loki ya nyuma. Kule shafti ni nene na hazipindi kona.

Loki ya mbele ifuate baadaye, ukiwa na sivi jointi imara, na iwe ya kuwasha na kuzima. Ukishaiwasha, nyoosha usukani kabla ya kukanyaga mafuta. Shafti nyingi za mbele hukatika dereva amekata kona yote, tairi moja limenasa, mguu uko chini. Nakuomba sana ulitilie maanani hili, kwa sababu una abiria, na mto Grumeti uliojaa haukusubiri utafute spea.

Swali: Zile ekseli za Unimog zinazoinua gari bila kupandisha springi, zinafaa huku kwetu? (Kijana wa Buhongwa)

Jibu: Zinafaa popote kwa kazi. Zina gia ndani ya kila habu, kwa hiyo bomba la ekseli linakaa juu kuliko kitovu cha tairi na chini kunabaki wazi. Lakini kila habu ina mafuta yake, sili zake na gia zake, na yote hayo ni ya kuhudumia. Kwa gari unalotembelea mjini siku tano, usihangaike.

Swali: Tunashusha boti ziwani kwa trela hapa mwaloni Kayenze. Mafuta ya difu yanatoka meupe kama maziwa, na tumebadilisha sili. Tununue ekseli nyingine? (Kayenze)

Jibu: Hapana jamani, msinunue. Difu ikitoka safari huwa ya moto. Mnapoirudisha ziwani inapoa ghafla, hewa iliyomo ndani inanywea, na ekseli inavuta maji kupitia popote inapoweza, hata sili mpya. Tafuteni tundu la kupumulia juu ya bomba la ekseli. Mara nyingi kifuniko chake kimeziba kwa tope au hakipo kabisa. Fungeni bomba la mpira linalovumilia mafuta, mlipandishe hadi juu ndani ya boneti, kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Kazi hiyo inaisha asubuhi moja.

Halafu mwageni mafuta yote, mweke 80W-90 ya daraja la GL-5, mtembee kidogo, mmwage tena. Maziwa hayaishi kwa mara moja. Fungueni na habu za trela pia, kwani beringi zake zinaoga kila mnaposhusha boti. Ziwa letu halina chumvi, ila grisi iliyochanganyika na maji inaua beringi vilevile.

Na mkifika mwaloni, acheni gari lipoe kabla ya kuingia majini.

Swali: Nimepata ekseli ya mbele ya mtumba, muuzaji anasema ni 4.10 kama yangu. Nitajuaje kabla sijalipa? (Fundi, Igoma)

Jibu: Usichukue maneno yake, hesabu mwenyewe. Ukifunga mbele 4.30 na nyuma 4.10, gari litatembea vizuri tu mpaka uweke fowili. Hapo ekseli zinavutana, na kwenye lami kavu ama tairi zinasuguliwa ama transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) inapasuka.

Ekseli ikiwa chini, hakikisha fri habu (vile vifungio vinavyounganisha habu za mbele na shafti zake) zote mbili zimefungwa. Shika habu moja isizunguke, zungusha nyingine mara 20, mwenzako ahesabu mizunguko ya flanji ya propela. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, kraunwili inazunguka nusu, yaani mara 10. Ukipata 41 ni 4.10, ukipata 43 ni 4.30. Usifanye kwa mzunguko mmoja tu, tofauti ni ndogo mno kuonekana kwa macho.

Kisha pima upana kutoka uso wa habu hadi uso wa habu, vikalio vya springi, na idadi ya nati za tairi. Angalia matufe: mafuta meusi mepesi yakichuruzika hapo, sili ya ndani imeisha na mafuta ya difu yamechanganyika na grisi ya sivi jointi. Hiyo inatengenezeka, itumie kupunguzia bei. Mwisho fungua nati ya kumwagia mafuta. Ungaunga laini wa chuma kwenye sumaku yake ni wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, mrudishie ekseli yake.