Dola 1,250 kwa Mwezi Indiana? Maswali Yenu Kuhusu Mishahara ya Viza

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 29 na nina uzoefu wa kuosha mapipa na matangi kwa mashine ya presha. Wakala ameniletea barua ya kazi Marekani, jimbo la Indiana, niendeshe mashine ya kusafishia chuma kwa asidi. Barua inasema viza ni H-1B, mshahara dola 1,250 kwa mwezi, saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, makazi bure. Wakala anataka dola 2,800 “za mdhamini” kabla ya mwisho wa mwezi. Ndugu zangu wanasema mshahara huo ni mkubwa, niuze kiwanja nisiikose nafasi. Je, sheria ya huko inataka kazi hii ilipwe kiasi gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kiwanja usiuze. Barua uliyonitumia nimeisoma yote, na kabla hatujafika kwenye viza, mshahara wenyewe umeshavunja sheria.

Chukua kalamu tupige hesabu. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu Julai 2009, na Indiana inafuata hichohicho. Saa 40 za kwanza za wiki ni dola 290. Ukipita saa 40, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani dola 10 na senti 87 na nusu. Wewe unaambiwa saa 60, kwa hiyo saa 20 za ziada ni dola 217.50. Jumla ni dola 507.50 kwa wiki, na kwa wiki nne ni dola 2,030. Barua inakupa 1,250. Hata wangekufanyisha saa 40 tu kwa wiki mwaka mzima, dola 1,250 kwa mwezi zingekuwa dola 7.21 kwa saa, bado chini ya kima. Na kama nyumba inahesabiwa ndani ya mshahara, basi si ya bure, na walipaswa kuandika wanahesabu kiasi gani.

Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandaa mishahara katika kiwanda kimoja huko Marekani, na mtu anapoleta mshahara wa mwezi kwa kazi ya mashine mimi hushtuka hapohapo. Kazi hizi kule huhesabiwa kwa saa. Anayekutajia mwezi bila kukutajia saa anakuficha kitu.

Sasa viza. H-1B ni ya kazi ambazo mlango wake ni shahada ya chuo kikuu katika fani inayohusiana na kazi yenyewe: wahandisi, wahasibu, watu wa kompyuta. Kuendesha mashine ya kusafishia ni kazi ya ufundi na ya heshima, lakini haidai shahada, kwa hiyo haiingii humo. Nadhani wakala amechagua jina hilo kwa kuwa ndilo watu wanalolisikia sana. Njia zinazoweza kumfaa mtu wa kazi yako ni mbili. Ya kwanza ni H-2B, viza ya muda, ambayo mwajiri lazima athibitishe kuwa uhitaji wake ni wa msimu, wa kipindi cha kazi kuzidi, wa vipindi vifupi vya hapa na pale, au wa mara moja. Kikomo chake kisheria ni viza 66,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, nusu kwa kila miezi sita. Ya pili ni ukaazi wa kudumu kupitia ajira, daraja la tatu, linaloitwa EB-3, katika kundi la wafanyakazi ambao kazi yao inahitaji mafunzo au uzoefu wa chini ya miaka miwili. Hapo kazi lazima iwe ya kudumu na ya muda wote.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu swali lako liko hapa. Mwajiri anayemdhamini mgeni haruhusiwi kusimama kwenye dola 7.25 akasema nimetii sheria. Analazimika kulipa angalau mshahara wa soko: kile ambacho wafanyakazi wa kazi ileile, katika eneo lilelile, hulipwa kwa kawaida. Sababu yake ni nzuri. Wabunge wa Marekani hawakutaka mgeni aletwe ili awe bei rahisi, amshushie mwenyeji mshahara. Mwajiri hupeleka fomu ETA-9141 katika Wizara ya Kazi, na wizara ndiyo inayomjibu: kazi hii, katika kaunti hii, usilipe chini ya hapa. Kama kima cha jimbo au cha mji kiko juu kuliko mshahara wa soko, basi hicho cha juu ndicho kinachoshika. Vuka mpaka tu kutoka Gary, Indiana, uingie Illinois, na kima cha chini kinaruka hadi dola 15, tangu Januari 2025.

Kwa EB-3 mshahara wa soko umegawanywa ngazi nne. Ya kwanza ni ya anayeanza, ya nne ni ya mtu aliyeiva ambaye hata huwasimamia wenzake. Kinachoangaliwa ni masharti ya kazi, si sifa zako wewe. Kama mwajiri ameandika kuwa anamtaka mtu asiye na uzoefu, utalipwa ngazi ya kwanza hata kama mashine unaijua hadi boliti zake. Kwa H-2B kwa kawaida hakuna ngazi: ni wastani wa mshahara wa kazi hiyo katika eneo hilo, mzoefu na mgeni wa kazi pamoja. Ndiyo maana mara nyingine kazi ya muda huonekana inalipa kwa saa vizuri kuliko ile ya kudumu.

Kila kazi Marekani ina namba. Ya kwako, kuendesha mashine za kuoshea, kusafishia na kulowekea chuma katika asidi, ni 51-9192. Msafishaji wa majengo ni 37-2011. Anayeosha magari na vifaa ni 53-7061. Kwa mtu wa nje zote ni “usafi,” lakini kila namba ina mshahara wake wa soko, na hapo ndipo ujanja hupita. Mwajiri asiye mwaminifu humwandika mtu kuwa msafishaji wa majengo, kisha humpeleka kwenye matangi.

Mimi nimesimama kando ya mitambo hiyo, na kazi yake haifanani kabisa na kupiga deki. Utepe wa chuma unaingia kwenye tangi la asidi ya moto, mara nyingi asidi ya hidrokloriki, ule utando mweusi wa kutu ya moto unamumunyika, chuma kinatoka upande wa pili cheupe, kinasuuzwa, kinakaushwa, kinapakwa mafuta. Mwendeshaji anaangalia joto la tangi, anapima nguvu ya asidi, anajua ni lini dawa imechoka na inahitaji kubadilishwa. Akichelewa, asidi inaanza kula chuma chenyewe. Mvuke wake unawasha koo na macho. Aproni, miwani, glavu na viatu vya kujikinga na asidi ni juu ya mwajiri kuvinunua, na hilo nalo ni sheria. Mtu wa kazi hiyo akilipwa kama wa ufagio, ameibiwa.

Kwa hiyo soma maelezo ya kazi kwenye barua, usiishie kwenye cheo. Kisha fungua flag.dol.gov, tovuti ya Wizara ya Kazi ya Marekani, sehemu ya kutafuta mishahara. Chagua jimbo, chagua kaunti, weka 51-9192. Utaona ngazi zote nne kwa saa na kwa mwaka, bila kulipa hata senti. Hakikisha mwaka ulioandikwa pale juu ndio wa sasa, maana takwimu hizo hubadilishwa kila Julai. Kama kazi inasemekana ni ya H-2B, pita pia seasonaljobs.dol.gov, ambako matangazo ya kazi hizo huwekwa hadharani pamoja na mshahara wake. Kazi isiyoonekana pale, wakala akueleze kwa nini.

Kuhusu zile dola 2,800. Katika H-2B ni marufuku mwajiri, wakala wake au yeyote aliye chini yao kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Ombi la mwajiri linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu. Hata ada ya viza uliyolipa mwenyewe, mwajiri anatakiwa akurudishie ndani ya wiki yako ya kwanza ya kazi. Katika EB-3, gharama za kupata kibali cha Wizara ya Kazi, wakili wake akiwemo, ni za mwajiri, hazipitishwi kwako kwa mlango wa nyuma. Pasipoti yako, vipimo vya afya na ada ya viza ya ukaazi unaweza kujilipia, na risiti zake utaziona. “Ada ya mdhamini” haimo popote katika sheria hizo.

Mjibu huyo wakala kwa maandishi, si kwa simu. Mwombe jina kamili la kampuni, anwani ya kiwanda, namba ya kazi, mshahara kwa saa, na nakala ya kibali cha Wizara ya Kazi. Mwenye kazi ya kweli vitu hivyo anavyo mezani.

SWALI: Mama, mimi niko Marekani tayari kwa H-2B, naendesha mashine ya kuoshea makreti na vyombo vya kiwanda cha vyakula. Mkataba unasema saa 40 kwa wiki kwa dola 17. Wiki nyingine tunapata saa 20, nyingine 25, bosi anasema kazi imepungua. Nadaiwa nyumbani. Nina haki yoyote?

JIBU: Unayo, na ni kubwa. Sheria ya H-2B inamtaka mwajiri akuhakikishie robo tatu ya saa alizoahidi, na hesabu hufanywa kwa kila wiki 12. Ikiwa kipindi chote cha kazi ni chini ya siku 120, hufanywa kila wiki sita. Saa 40 kwa wiki 12 ni saa 480, na robo tatu yake ni 360. Tuseme mmefikisha 290. Zimebaki saa 70, na bosi lazima azilipe kwa dola zilezile 17, yaani dola 1,190, hata kama mashine zilikuwa zimezimwa. Angalizo moja: saa ulizopewa ukakataa mwenyewe kwenda, anaweza kuzihesabu kuwa alikupa. Kwa hiyo ukiitwa, nenda.

Kila siku ya malipo unatakiwa upewe karatasi inayoonyesha saa ulizopewa, saa ulizofanya, kiwango chako na kila kilichokatwa. Watu wengi hutazama tarakimu ya mwisho tu kisha karatasi inaishia kwenye suruali ya kufua. Zitunze zote. Na wewe andika daftari lako: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Nimeona daftari la namna hiyo, limechafuka mafuta, likimrudishia mtu fedha ambazo ofisi ilidai hakuzifanyia kazi.

Tazama pia makato. Yale yasiyotajwa kwenye tangazo la kazi na yasiyotakiwa na sheria hayaruhusiwi, na vifaa vya kazi hupewi kwa kulipia. Ukifika nusu ya kipindi cha mkataba, nauli yako ya kuja inapaswa iwe imerudishwa kama hawakuilipa mwanzo. Ukimaliza mkataba, au wakikuachisha mapema bila kosa lako, nauli ya kurudi ni yao, isipokuwa uwe umepata mwajiri mwingine aliyekubali kuibeba.

Malalamiko peleka kwa Idara ya Mishahara na Saa za Kazi ya wizara, simu 1-866-487-9243. Jina lako hawalitangazi, na mwajiri haruhusiwi kukufukuza au kukutisha kwa sababu umelalamika. Pasipoti yako iwe kwako. Kama ameishika, sema hilo kabla ya yote.

SWALI: Mume wangu amepata mwajiri wa EB-3 kwa kazi kama hizo. Sasa tunaambiwa tusubiri, na hatujui mshahara ulioandikwa unaanza lini. Je, kampuni ikifilisika katikati?

JIBU: Mshahara huo ni ahadi ya siku atakapopata ukaazi na kuanza kazi, haulipwi wakati wa kusubiri akiwa nje ya nchi. Lakini kampuni lazima ithibitishe kuwa ina uwezo wa kuulipa tangu siku ombi la kibali lilipopokelewa, kwa hesabu zake za kodi, taarifa za fedha zilizokaguliwa au ripoti za mwaka. Tarehe hiyo ndiyo nafasi yenu kwenye foleni, na foleni ya kundi lenu ni ndefu, kwa kuwa viza zake ni chache. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jarida la viza. Tazameni safu ya “wafanyakazi wengine,” mlinganishe na tarehe yenu.

Kampuni ikifunga kabla hajasafiri, kazi iliyoombewa haipo tena, na kwa kawaida mwajiri mwingine ataanza upya kibali na ombi lake. Ila kama ombi la mwajiri wa kwanza kwa idara ya uhamiaji, fomu I-140, lilikuwa limeshakubaliwa, mara nyingi ile tarehe ya foleni mnaweza kuhama nayo kwenda kwa mwajiri mpya. Basi ombeni leo nakala ya barua ya kukubaliwa kwa I-140, muiweke pamoja na vyeti vya watoto.