Kani Haikosi Mwenyewe: Kwa Mnaoanza Fizikia

Wengi mnaoingia darasa la fizikia hukimbilia fomula. Mwalimu akitaja uzito, kalamu ishaandika W = mg (uzito ni tungamo mara mvuto kwa kila kilo) kabla hajamaliza sentensi. Nimefundisha somo hili hapa Kisumu na kusahihisha karatasi nyingi, na alama hazipotei sana kwenye kuzidisha. Zinapotea kwa kutojua kani, yaani msukumo au mvuto, inatoka kwa nani na inampata nani.

Kwa hiyo kila unapotaja kani, taja pande zote mbili: kinachosukuma au kuvuta, na kinachosukumwa au kuvutwa. Ukishindwa kumtaja msukumaji, hiyo kani haipo. Ifute.

Tuchukue gunia la mahindi la kilo 90 lililowekwa chini sokoni Kibuye. Dunia inalivuta kwa nyutoni 900 hivi (nyutoni ni kipimo cha kani; shuleni tunatumia nyutoni 10 kwa kila kilo, ingawa thamani halisi ni karibu 9.8). Sakafu nayo inalisukuma juu kwa nyutoni 900. Hapo mwanafunzi mwepesi huandika kwamba hizo mbili ni kitendo na jibu lake, sheria ya tatu ya Newton: kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa na hicho kingine kwa kani sawa, upande wa pili. Si kweli. Zote mbili zinalipata gunia lile lile, na jozi ya sheria ya tatu haikai kamwe kwenye kitu kimoja. Dunia ikivuta gunia chini, jozi yake ni gunia kuivuta dunia juu. Sakafu ikisukuma gunia juu, jozi yake ni gunia kuikandamiza sakafu.

Mbona basi zile mbili za kwanza zililingana? Kwa sababu gunia limetulia, na hiyo ni sheria ya kwanza: kitu kilichotulia hubaki hivyo kani zake zikilingana. Lipakie kwenye lifti inayoanza kupanda: dunia bado inavuta kwa 900, lakini sakafu sasa inasukuma kwa zaidi ya hapo. Jozi ya kweli haiachani hivyo. Kila muhula kuna wanaobisha jambo hili, na mimi huwapenda wabishi, maana huwa wamelifikiria.

Tungamo la gunia, yaani wingi wa maada iliyomo, ni kilo 90 popote lilipo. Uzito ni habari nyingine. Mwezini kila kilo huvutwa kwa nyutoni 1.6 tu, kwa hiyo gunia letu lingekuwa na uzito wa nyutoni 144. Hata duniani uzito haulingani kila mahali. Maseno, ambako mstari wa ikweta unapita, kilo moja huvutwa kwa takriban nyutoni 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83, kwa kuwa dunia inazunguka na imevimba kidogo kiunoni. Mizani ya springi huiona tofauti hiyo. Mizani ya mawe haioni, kwa sababu mawe yenyewe hupungukiwa sawa na mzigo.

Mkokoteni unaosukumwa kwa mwendo usiobadilika kwenye barabara tambarare: kani ya msukumaji ni sawa na msuguano. Wengi hudai lazima izidi. Ikizidi, mkokoteni utaongeza kasi.

Kwenye mtihani, chora kabla ya kuhesabu. Chagua kitu kimoja, kizungushie duara, kisha uweke mishale ya kani zinazokipata hicho tu. Badilisha gramu ziwe kilo mapema.

Jaribuni hili: mtumbwi unaelea Dunga, mvuvi amesimama ndani, ametulia. Mtumbwi unapata mishale mitatu. Dunia inauvuta chini, maji yanausukuma juu, na nyayo za mvuvi zinaukandamiza. Ukiwa umechora uzito wa mvuvi kwenye mtumbwi, ufute, hata kama tarakimu ni ile ile: dunia inamvuta mvuvi, haivuti mtumbwi kwa niaba yake.