Dada wa Kasulu, printa isubiri kwanza

Ijumaa iliyopita nilikabidhi vyeti 512 vya mahafali kwa shule moja hapa Tabora. Mwalimu aliyekuja kuvichukua alikagua kimoja kimoja, akakosa cha kusahihisha. Nimefurahi, sifichi. Jioni ile ile dada mmoja aliyefungua steshenari Kasulu akaniandikia: "Kaka, nimepata kazi ya barua nyingi, nishauri printa ya kununua." Namjibu hapa kwa urefu, maana swali hilo hilo ndilo lililoniaibisha mwaka 2021.

Mwaka ule chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku kilinipa mikataba 318. Orodha iko Excel, Word ivute jina, simu, tarehe na mkopo wa mbolea wa kila mkulima. Nikachukua mkataba wao wa zamani, nikapachika nafasi ambazo Word itazijaza kutoka kwenye orodha, nikabonyeza. Saa sita usiku printa inatema karatasi, mimi nanywa chai nikijiona nimetoboa.

Asubuhi katibu akafungua bahasha. Mkopo wa 1,250,000 umeandikwa 1250000. Tarehe 4 Novemba imekuwa 11/4/2021, msomaji anaona Aprili. Simu zote zimepoteza sifuri ya mbele. Kwa wenye majina marefu, mstari wa sahihi umesukumwa ukurasa wa pili, uko peke yake. Akaniambia mbele ya wateja: "Wewe kijana baki na kutoa kopi." Karatasi nilizilipia mimi. Maneno yale yananichoma mpaka leo.

Printa haikuwa na kosa. Excel inakuonyesha mkato na tarehe nzuri kwenye kioo, lakini Word inachukua namba yenyewe, sura inaiacha huko huko. Sura unaipanga kwenye kiolezo, yaani ile barua au mkataba mmoja wa Word wenye nafasi za kujazwa. Bonyeza Alt+F9 uone msimbo wa kila nafasi. Ndani ya mabano, baada ya jina la nafasi, ongeza \# "#,##0" kwa fedha na \@ "dd/MM/yyyy" kwa tarehe. Hizo M ziwe kubwa, ukiandika ndogo Word inaelewa dakika. Kolamu ya simu kule Excel iwe ya maandishi kabla hujaingiza namba hata moja. Usipange mistari kwa kubonyeza spesi, weka jedwali lisiloonyesha mistari yake. Na ukijaribu, jaribu kwa jina refu kuliko yote kwenye orodha.

Vijana wenzangu, tunapenda mno kununua vitu. Mtu anakopa apate printa ya rangi, kiolezo anakiokota kwenye fleshi ya mteja na kukitumia hivyo hivyo. Kaa na kiolezo! Kisome kama atakavyokisoma mkulima wa Urambo atakayeweka dole gumba pale chini. Kwake karatasi ile ni deni la msimu mzima, na sifuri ikizidi anadaiwa mbolea ambayo hakuiona shambani. Kaa na kiolezo mpaka ukiamini, ndipo uwashe mashine.

Vyeti vile 512 vilinichukua siku tatu kwenye kiolezo na alasiri moja kuchapa. Kwa hiyo dada yangu, kabla hujapanda basi kwenda kununua printa, nitumie kiolezo chako pamoja na lile jina refu kuliko yote. Nitakisoma usiku huu huu.