Nimesafisha alama zote za nukuu, mbona mfumo bado unapenyeka?

Swali: Ndugu mtaalamu, nimeandika kwa lugha ya PHP na kanzidata ya MySQL mfumo wa kutunza taarifa za wanachama wa SACCOS yetu. Kila kinachojazwa kwenye fomu nakipitisha katika mysqli_real_escape_string, lakini mwenzangu aliyeujaribu aliona wanachama wote kwa kubadilisha tu namba iliyo kwenye anwani ya ukurasa. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, kitendakazi ulichotumia huweka mkwaju wa nyuma mbele ya alama za nukuu na herufi nyingine chache, ili thamani iliyofungwa ndani ya nukuu isiweze kuchomoka. Kwa maelezo yako, namba ya mwanachama haimo ndani ya nukuu; bila shaka umeandika WHERE id = $id, yaani lete rekodi ambayo id yake ni ile iliyo kwenye anwani. Mtu akiweka 7 OR 1=1 (OR ni “au”) palipokuwa na 7, hakuna nukuu hata moja ya kusafishwa, maandishi yanapita yalivyo, na kwa kuwa 1 ni sawa na 1 katika kila rekodi, MySQL inatii na kuleta rekodi zote.

Kwa hiyo usihangaike kuwinda herufi mbaya. Kasoro ni kwamba unaunganisha amri na data katika maandishi mamoja, kisha unaitegemea kanzidata itambue ipi ni ipi. Andaa amri kwanza, kwa prepare('SELECT jina, salio FROM wanachama WHERE id = ?'), kisha upeleke thamani kwa bind_param('i', $id), ambapo i ni namba kamili, na kumalizia na execute(). Muundo wa amri unakuwa umekwisha kusomwa kabla thamani haijafika, na ile 7 OR 1=1 itahesabiwa kuwa 7 basi. Ukihamia PDO, njia nyingine ya PHP ya kuwasiliana na kanzidata, weka PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES kuwa false, kwa sababu kwa MySQL kawaida yake ni kuigiza maandalizi hayo upande wa PHP.

Alama ya kuuliza haiwezi kushika nafasi ya jina la jedwali wala la safuwima. Ikiwa mtumiaji anachagua safuwima ya kupangia orodha, linganisha chaguo lake na majina uliyoyaandika mwenyewe ndani ya programu, na lisilokuwemo ulikatae. Data inayotoka kwenye kanzidata yako nayo ipitishwe kwa bind_param vivyo hivyo inapoingia katika amri nyingine, maana iliwahi kuandikwa na mtu.

Pitia pia kurasa za zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Mwaka 2015 kampuni ya simu na intaneti ya TalkTalk, Uingereza, iliibiwa taarifa za wateja 156,959 kwa njia hii hii ya kupenyeza amri ndani ya data (SQL injection), kupitia kurasa ilizozirithi iliponunua shughuli za Tiscali mwaka 2009; mwaka uliofuata ilitozwa faini ya pauni 400,000.

Akaunti ya kanzidata inayotumiwa na tovuti iondolewe ruhusa za DROP (kufuta majedwali) na FILE (kusoma na kuandika faili kwenye seva).

Liko jambo moja ambalo hukuliuliza. Hata baada ya marekebisho haya, mwanachama namba 7 akiandika 8 kwenye anwani ataona salio la mwenzake, kwa kuwa ombi hilo ni halali kabisa machoni pa MySQL. Hapo ni lazima programu yako ilinganishe namba inayoombwa na ya mtu aliyeingia kwa nenosiri lake, kabla ya kuonyesha chochote.